Kati ya Makenika na Seremala: Magari ya Kambi Yalivyopata Mafundi Wake

Gari la kambi ni nyumba iliyopandishwa juu ya chesisi. Lina injini yake lenyewe, au lina ndoano ya kuvutwa na gari jingine. Lina breki, springi na matairi. Wakati huohuo lina paa, sakafu, madirisha, jiko, friji, mabomba ya maji na kitanda. Pande hizi mbili hazizeeki kwa mwendo mmoja. Injini huchakaa kwa kilomita, nyumba huchakaa kwa miaka. Injini huharibika gari likitembea, nyumba huoza gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana mnunuzi wa karavani ya miaka 50 iliyopita anaweza kukuta ekseli nzima chini ya sakafu iliyooza. Hata hivyo, Marekani na Ujerumani, ambako usafiri huu uliota mizizi mapema, maelfu ya magari ya kambi ya miaka ya 1950, 1960 na 1970 yangali barabarani. Sababu inayotajwa na wengi ni kwamba zamani viwanda vilitengeneza vitu imara. Historia inasema vingine. Mengi ya magari hayo yalikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza. Yaliangukia katika pengo kati ya fani mbili, ya makenika na ya seremala, na kwa kuwa hakuna fani iliyokubali kuyabeba mazima, wenye magari walilazimika kuunda ufundi wa tatu. Ufundi huo umeyaweka hai kuliko kiwanda chochote.

Mwanzoni pengo hilo halikuonekana, kwa kuwa mkono mmoja ulifanya kazi zote. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kufikia zaidi ya magari milioni 15, iliwapa Wamarekani wa kawaida uwezo wa kulala mbali na kwao bila treni wala hoteli. Mtu alichukua mbao na turubai, akajenga sanduku la kulala nyuma ya gari lake, akaondoka. Mwaka 1919 wasafiri wa namna hiyo walianzisha chama chao katika bustani ya De Soto huko Tampa, Florida, wakajiita Tin Can Tourists, na alama yao ikawa kopo lililobandikwa juu ya kifuniko cha rejeta. Gari lenyewe halikumruhusu dereva kubaki mjinga. Tangi la petroli lilikaa chini ya kiti, na petroli ilishuka hadi kwenye kabureta kwa uzito wake tu, bila pampu. Tangi likikaribia kuisha na kilima kikiwa kikali, injini ilikosa mafuta, na dereva aliyejua sababu aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Mikanda ya gia ilikaza na kulegea, ikahitaji kurekebishwa kwa mkono. Pancha zilikuwa za kila safari. Aliyepigilia misumari ya kitanda ndiye aliyekaza mikanda ya gia, na hakuwa na wa kumrushia lawama.

Pengo lilizaliwa pale nyumba ilipohamia kiwandani. Mnamo 1929 Arthur Sherman, mtaalamu wa bakteria wa Detroit, alitengenezesha karavani kwa ajili ya familia yake, na katikati ya miaka ya 1930 kampuni yake, Covered Wagon, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa nchini humo. Kuta zilikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa mbao za kushindiliwa na ngozi ya bandia. Viwanda vingine vingi viliiga mtindo huo, vingi vikiwa vya muda mfupi, na hapo tatizo kuu la fani nzima likajitokeza: maji. Nyumba ya kawaida hukaa mahali pake. Nyumba ya magurudumu hupitishwa kwenye tetemeko la ardhi kila inaposafiri. Fremu hupinda kidogo, viungo hufunguka kiasi cha unene wa karatasi, gundi ya kuziba hukauka kwa jua na kupasuka. Maji huingia kwenye tundu la skrubu juu ya paa, hutembea ndani ya ukuta bila kuonekana, na kutua kwenye kona ya chini, mbali kabisa na yalikoingilia. Doa linapotokea ndani, mbao zimekwisha kuwa unga. Makenika wa gereji hakufunzwa kuyatafuta maji hayo. Seremala wa nyumba naye alizoea uzito usio na bei: anaongeza ubao mnene, anapigilia msumari, na msumari huo hulegea baada ya safari chache, huku uzito ukiielemea ekseli. Kila mmoja alikuwa hodari katika nusu yake na hatari katika nusu ya mwenzake.

Kampuni ya Airstream ilidai kuwa na jibu. Wally Byam, mwanzilishi wake, alianza kwa kuuza michoro ya kujijengea karavani kabla ya kuuza karavani zenyewe, na jambo hilo lina uzito katika hoja hii: mteja wa kwanza wa Airstream alikuwa mjenzi. Mwaka 1936 Byam alitoa Clipper, karavani ya alumini iliyofungwa kwa riveti. Umbo lake lilitokana na Road Chief ya 1934 ya Hawley Bowlus, mtu aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ndege aliyovukia Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927. Ganda la ndege halina fremu ya mbao ya kuoza, kwa hiyo ilidhaniwa kwamba maji yameshindwa. Hayakushindwa, yalihamia chini. Ganda la Airstream halikuketi moja kwa moja juu ya chesisi ya chuma. Kati yao palikuwa na sakafu ya plaiwudi, na boliti zilipita katikati ya ukingo wa plaiwudi hiyo kuunganisha ganda na chesisi. Maji yaliyopenya kwenye dirisha la nyuma au kwenye kiungo cha bampa yaliulowesha ukingo huo mpaka boliti zikakosa cha kushika. Katika karavani ndefu za miaka ya 1970, chesisi ya nyuma iliyobeba tangi la maji machafu ilianza kuning'inia, ikiachana na ganda. Tena palipo na unyevu, alumini ikigusana na chuma, alumini huliwa polepole. Wamiliki walijifunza kipimo kisichohitaji kifaa: mtu husimama juu ya bampa ya nyuma na kuruka kidogo, mwingine anatazama. Bampa ikishuka na ganda likabaki palepale, sakafu imeoza.

Hapa ndipo maelezo ya uimara wa zamani yanapogonga ukuta. Ikiwa ni ubora wa kiwanda, kwa nini karavani mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, moja iwe jalalani na nyingine barabarani? Jibu liko kwenye riveti. Riveti hutobolewa kwa drili, ukuta wa ndani ukavuliwa kama koti, plaiwudi iliyooza ikakatwa, mpya ikaingizwa chini ya kingo za ganda, na riveti nyingine zikapigwa mahali pa zile za awali. Kazi huchukua wiki nyingi na huumiza mgongo, lakini inawezekana kwa vifaa vya mkononi, na ikikamilika haifichi kitu. Alumini inastahili sifa yake. Hata hivyo, kilichoiokoa Airstream ni kwamba inafunguka, na kwamba tayari palikuwa na kundi la watu waliojua namna ya kuifungua.

Kundi hilo halikujiotea. Kuanzia 1951 Byam aliongoza misafara ya wateja wake, wa kwanza ukielekea Mexico na Amerika ya Kati, na mwaka 1955 chama cha wamiliki kikaundwa huko Kentville, Nova Scotia, Kanada. Msafara mashuhuri kuliko yote ulifika kwetu. Kati ya 1959 na 1960 karavani 41 zilivutwa kutoka Cape Town hadi Cairo, zikapita Rhodesia, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia. Ulikuwa msafara wa watu wenye uwezo, katika nchi ambazo nyingi zilikuwa bado chini ya wakoloni, na ulikuwa pia tangazo la biashara. Picha zake ziliuza karavani kwa miaka mingi. Msomaji ana haki ya kuutilia shaka. Lakini barabara za vumbi zenye mikunjo na za matope ya Kongo hazisomi matangazo. Kila anayeijua barabara ya mikunjo anajua inavyofanya: hulegeza boliti, huvunja majani ya springi, hukata nyaya pale zinaposugua bati. Msafara wa namna hiyo ulimfundisha mwenye karavani kukagua kila jioni kilicholegea mchana, na ulimfundisha mbele ya majirani waliokuwa na karavani ileile. Mmoja akikuta kasoro, wengine wote walijua pa kutazama kwenye yao. Ujuzi ulisambaa kwa sababu mashine zilifanana na watu walikuwa pamoja.

Ujerumani ilifika palepale kwa njia nyingine. Mwaka 1947 Ben Pon, mfanyabiashara wa Uholanzi, alichora gari la mizigo lililojengwa juu ya vifaa vya Volkswagen ndogo, na mwezi Machi 1950 kombi ya kwanza ikaanza kutengenezwa Wolfsburg. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya Wiedenbrück ikatoa sanduku la kambi lenye kabati na kitanda, la kuingizwa na kutolewa. Tazama mgawanyo ulivyojirudia: gari la kiwanda kimoja, nyumba ya kiwanda kingine. Wakala wa Volkswagen aliijua injini, lakini hakuwa na la kusema kuhusu turubai ya paa la kuinuka wala bawaba za kabati. Injini yenyewe ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta, na mtu mmoja mwenye jeki aliweza kuishusha. Wengi wakaiita injini isiyokufa. Ukweli ni kwamba ilikufa kirahisi mikononi mwa asiyeijua. Silinda ya tatu ilipata hewa kidogo kuliko nyingine kwa sababu kipoza oili kilisimama katika njia ya hewa yake, na valvu yake ya moshi ilipata joto kali. Valvu ikirefuka au kikalio chake kikizama, nafasi inazibika, valvu haikai vizuri, joto halipati pa kutokea, na mwisho kichwa cha valvu hukatika na kutoboa pistoni. Dawa ilikuwa kurekebisha nafasi hiyo injini ikiwa baridi kila baada ya kilomita 5,000 hivi, kazi isiyozidi saa chache. Asiyeifanya alinunua injini nyingine.

Ndipo likatokea andiko lililougeuza ujuzi huo kuwa mali ya umma. Mwaka 1969 John Muir, mhandisi aliyeacha kazi ya kuajiriwa, alichapisha mwenyewe kitabu How to Keep Your Volkswagen Alive, kikiwa na michoro ya Peter Aschwanden. Kimeuzwa nakala zaidi ya milioni 2. Vitabu vya ufundi vilikuwapo kabla yake, lakini viliandikwa kwa ajili ya fundi aliyekwisha kufuzu: vilitaja vipimo, vikanyamaza kuhusu namna ya kushika spana. Muir alimwandikia mtu ambaye hajawahi kufungua boneti, akampangia kazi hatua kwa hatua, akamweleza injini inavyosikika ikiwa nzima na ikiwa mgonjwa. Mchango wake mkubwa ulikuwa katika utaratibu wa kutafuta kosa. Injini ikikataa kuwaka, anza na kilicho rahisi kukagua: je, kuna cheche kwenye plagi? Ikiwa haipo, rudi kwenye platini na koili. Ikiwa ipo, je, petroli inafika? Kisha hewa, kisha mgandamizo. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana gari likiwaka hutajua lililoliponya. Mtu aliyeuzoea utaratibu huo kwenye injini hakuuacha alipoingia ndani kwenye jiko na taa.

Huko ndani ulihitajika zaidi, kwa kuwa nyumba ya gari la kambi ina mitambo ambayo makenika wa mtaani haioni mara kwa mara. Mfano mzuri ni friji. Mwaka 1922 Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, wakiwa bado wanafunzi, walibuni friji isiyo na kompresa. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa ikawa kimiminika, kisha huvukizwa tena katikati ya haidrojeni na kubeba joto la ndani. Hakuna kinachozunguka, na gesi ya mtungi inatosha, kwa hiyo ikawa friji ya magari ya kambi. Lakini vimiminika vyake hushuka kwa uzito wake tu. Gari likiegeshwa mwinamoni huku friji inawaka, kimiminika hukwama, bomba la kuchemshia huungua kwa ndani, na masalia yake huziba njia moja kwa moja. Fundi wa friji za majumbani akiitwa, hutafuta kompresa asiione. Wamiliki ndio waliounda kipimo chao: iwashe friji kwa umeme. Ikiganda kwa umeme na kugoma kwa gesi, mfumo uliofungwa ni mzima, na kosa liko kwenye kichomeo, mara nyingi kutu au utando wa buibui. Ikigoma kwa vyote viwili licha ya gari kuwa sawasawa na chanzo cha joto kufanya kazi, shuku mfumo wenyewe. Ukiona unga wa njano nyuma yake au ukasikia harufu ya amonia, umetoboka, na hapo ukarabati umekwisha. Umeme wa betri nao una mantiki kama hiyo: taa ikififia, wa kwanza kushukiwa ni unganisho la waya hasi kwenye chesisi, ambapo kutu hujenga kizuizi kisichoonekana.

Pingamizi la kwanza zito ni kwamba mifano hii yote ni ya mashine sahili, na kwamba usahili ndio uliookoa magari, wala haukuhitaji jumuiya ya mafundi. GMC Motorhome inajibu pingamizi hilo. General Motors ililitengeneza kuanzia miaka ya modeli 1973 hadi 1978, karibu magari 12,900, na halikuwa sahili kwa kipimo chochote. Injini kubwa, mwanzoni ya lita 7.5, pamoja na gia zake za kuvuta kwa magurudumu ya mbele, vilitoka kwenye Oldsmobile Toronado. Magurudumu manne ya nyuma yalibebwa na mifuko ya hewa. Bodi ilikuwa fremu ya alumini iliyovikwa alumini na faibaglasi. Kisha kampuni ikaacha, na haikurudi tena katika biashara hiyo. Kwa mantiki ya usahili, gari hilo lilipaswa kutoweka kwanza. Badala yake ni miongoni mwa magari ya kambi ya muongo huo yanayotunzwa sana, kwa kuwa yote yalifanana, vitabu vya ufundi vilikuwapo, vipuri vya mwendo vilipatikana kwenye gari la abiria, na wamiliki waliunda vyama na karakana ndogo zilizoanza kutengeneza mifuko ya hewa na vifaa vingine ambavyo kiwanda hakikuvitoa tena. Wakati huohuo karavani nyingi za watengenezaji wadogo, sahili mno, za mbao na bati, ziliishia jalalani bila hata mchoro mmoja kubaki. Usahili unasaidia, peke yake hautoshi.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa takwimu. Tunayaona yaliyopona na kusahau yaliyokufa. Yaliyopona huenda yalikuwa bora tangu mwanzo, au yalibahatika kuishi Arizona penye ukavu badala ya Florida penye mvua. Pingamizi hili ni la kweli, na hali ya hewa hakika ina sehemu yake kubwa. Lakini linabomoa hoja ya ubora wa zamani kabla halijagusa hii. Ikiwa magari mengi ya zamani yamekufa, basi huwezi kusema yalitengenezwa kudumu. Na ukichukua modeli moja katika mji mmoja wa mvua, kinachotenganisha hai na mfu ni kitu kidogo sana: aliyepanda juu ya paa kila mwaka, akachokoa gundi iliyokauka, akaziba upya kabla ya mvua, na asiyepanda. Bahati ya jangwani huchelewesha maji. Haifundishi mtu kuyatafuta.

Pingamizi la tatu ndilo linalopaswa kusikilizwa kwa makini zaidi: mwenye gari anayejifanya fundi anaweza kuua. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kusubiri cheche. Kichomeo kibovu katika chumba kidogo hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu. Mipira ya petroli ya kombi za zamani hukauka na kupasuka juu ya injini yenye moto, na kombi nyingi zimeteketea kwa njia hiyo. Tairi la karavani iliyoegeshwa miaka kumi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka, kwa kuwa mpira umezeeka ndani. Breki za zamani zenye mkondo mmoja zikivuja mahali pamoja huacha magurudumu yote bila breki. Haya hayawezi kujibiwa kwa kusifia moyo wa kujitegemea. Jibu lake ni kwamba ufundi wa tatu uliokomaa ulijumuisha pia ujuzi wa kusimama. Ndani yake kuna orodha ya vitu visivyofunguliwa: mfumo wa friji uliofungwa, regyuleta ya gesi, ekseli iliyopinda. Kuna pia desturi ya kubadili kwa umri badala ya kusubiri kiharibike: mipira ya petroli, matairi, vigunduzi vya gesi. Asiyejua mpaka huo hajafika kuwa fundi. Na sheria nayo ina haki ya kusema basi: Brazil iliendelea kutengeneza kombi ya umbo la zamani hadi Desemba 2013, ikakoma kwa sababu kanuni za mwaka 2014 zilitaka mifuko ya hewa ya usalama na breki za kisasa ambavyo gari hilo halikuweza kuvipokea. Kutunza cha zamani hakutoi hoja ya kuendelea kukitengeneza.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni burudani ya wenye nafasi, na kwamba magari ya kambi ya leo yametatua matatizo ya jana. Upande wa pili si sahihi. Kuta za siku hizi mara nyingi ni tabaka za faibaglasi, povu na plaiwudi nyembamba zilizobanwa kwa gundi. Ni nyepesi na nadhifu, hazina misumari ya kulegea. Lakini maji yakipenya pembeni, tabaka huachana, ukuta unavimba kama tumbo, na hakuna riveti ya kutoboa wala skrubu ya kufungua. Ukuta mzima hubadilishwa, au gari hutupwa. Adui ni yuleyule wa miaka ya 1930. Kilichobadilika ni kwamba mlango wa kumfikia umefungwa kwa gundi. Upande wa kwanza una ukweli wake, ila hauoni kwamba pengo la fani mbili linaweza kuzibwa kwa njia isiyo ya burudani, na Afrika Mashariki inayo. Nairobi na Arusha kuna karakana zinazokata chesisi ya Land Cruiser, kuirefusha, na kuinua paa ili watalii watazame wanyama wakiwa wamesimama. Kazi hiyo nayo inahitaji chuma, bodi, viti na umeme. Huko tajiri wa gari hakulazimika kuwa fundi, kwa kuwa fundi wa kuchomelea, fundi bodi, fundi viti na fundi umeme hufanya kazi katika uwanja mmoja, wakiitana kwa sauti. Marekani mwenye karavani aliziunganisha fani kichwani mwake. Kwetu ziliunganishwa na ujirani.

Kwa hiyo somo la historia hii linamhusu mtengenezaji kuliko mpenzi wa vitu vya kale. Uhai wa chombo cha mchanganyiko haupimwi siku kinapotoka kiwandani. Unapimwa kwa maswali matatu: je, kinafunguka bila kuvunjwa? Je, vipuri vyake vinafanana na vya vyombo vingine vingi? Je, ujuzi wake umeandikwa mahali ambapo asiye fundi anaweza kuusoma? Karavani za watengenezaji wadogo zilishindwa swali la mwisho, Airstream ilifaulu la kwanza, GMC ilifaulu yote matatu baada ya kiwanda chake kuondoka. Maswali hayohayo yanawangoja wanaojenga mabasi, magari ya wagonjwa na kliniki za magurudumu, vyombo ambavyo navyo ni nusu gari na nusu nyumba, na ambavyo vikinyamaza njiani, makenika atasema kosa ni la seremala na seremala atasema ni la makenika. Serikali au hospitali inayonunua chombo cha namna hiyo ingefanya vyema kudai michoro na haki ya kukifungua katika mkataba uleule wa bei, kwa sababu baada ya miaka ishirini hicho ndicho kitakachoamua kama bado wanacho.